Kigari cha Betri na Watani Wake

Jumamosi asubuhi, mwaka ule wa mgao mkubwa wa umeme, Bartholomeo alisimamisha kigari chake cha betri mbele ya mashine ya kusaga ya Yakobo pale Mlali, akashuka, akavuta waya mrefu kutoka chini ya kiti, akauliza kama umeme upo. Yakobo alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba akichambua maharage. Akajibu kwamba ulikuwepo tangu alfajiri na ndiyo kwanza umeaga. Bartholomeo akakunja waya, akaurudisha mahali pake, akaomba maji ya kunywa.

Kigari chenyewe kilikuwa cha njano, hakina paa wala milango. Kilikuwa na kiti cha dereva, magurudumu manne madogo ya mpira mgumu, na nyuma jukwaa la mbao. Kilitoka Bulgaria enzi za urafiki na kikapangiwa kazi katika kiwanda cha sufuria mjini Morogoro, ambako Bartholomeo, Mnyamwezi wa Tabora, alikiendesha kutoka kwenye mitambo hadi ghalani na kurudi. Kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji. Barabara za Uluguru hazikupewa taarifa hiyo, nacho kilizipanda tu.

Kiwanda kilipouzwa, wafanyakazi waliambiwa mafao yao yanakuja. Wakati wakisubiri, wengine walipewa sufuria. Bartholomeo alipewa kigari, kwa sababu mwekezaji alisema kinamzibia njia. Njia aliihitaji kweli. Aliingiza magari makubwa ya dizeli, mapya, kwa msamaha wa kodi wanaopewa wawekezaji, akayapanga uani na kulifunga geti kwa kufuli. Sufuria hakutengeneza hata moja.

Asubuhi hiyo jukwaa lilikuwa limejaa kabichi za Josephina, mama wa makamo kutoka Lukwele, kijiji kilichoko juu kabisa, ambako mawingu hupita mlangoni na watu huyapisha. Maisha yake yote Josephina alishusha mazao kwa kichwa mpaka Mlali. Kisha daktari alimshika shingo, akaigeuza kushoto na kulia, akamwambia kwamba shingo hiyo imestaafu. Msimu uliofuata kabichi zake ziliozea shambani. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwa Waluguru, na wajomba walimwambia kwa upole kwamba mazao yakioza tena, watampa binti mwingine wa ukoo alilime. Wajomba hawakuwa watu wabaya, ila walikuwa na utaratibu. Mwanawe wa Dar es Salaam alikuwa ameshamwekea godoro sebuleni, na Josephina hakulala usingizi mzuri tangu aliposikia habari za godoro hilo.

Lori la dizeli la shemeji yake, Fransisko, lilikuwepo. Lilipanda mlima vizuri, lakini nauli yake ilipanda kwa kasi zaidi. Ndiyo maana Josephina aliungana na Bartholomeo, yeye akitoa kabichi na mwenzake akitoa magurudumu. Sasa mshale wa geji ya betri ulikuwa kwenye nyekundu, soko la Morogoro lilikuwa mbali, na jua lilikuwa limeanza kuziangalia kabichi.

"Mtani," alisema Josephina, "babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyamwezi mpaka pwani, tena wakiimba. Wewe una magurudumu manne na Morogoro huioni."

"Babu zangu hao hao walipopita hapa waliwakuta mmeng'ang'ania ubavu wa mlima, mnaogopa kushuka," alijibu Bartholomeo. "Mmekaa mshazari mpaka kuku wenu wana mguu mmoja mfupi."

"Na huo mguu mfupi ndio unaoukimbilia ukija kwangu. Gari gani hili? Halina honi, halina moshi, linatembea kama mwizi!"

"Moshi wa nini? Unataka kuzipika kabichi zikiwa njiani?"

Yakobo aliinua macho, akatazama geji, akasema mshale unapanda. Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Wakaendelea. Josephina aligusa mapishi ya Tabora, Bartholomeo akagusa matambiko ya mlimani, wakacheka mpaka mama akashika shingo yake kwa maumivu, na mshale ulipofika kwenye kijani Bartholomeo akapanda kitini wakaondoka. Walifika sokoni kabichi zikiwa bado na umande. Jioni waliporudi walitaniana tena pale Mzinga, kwa kuwa mlima ulikuwa mbele yao.

Baada ya hapo watu wa Mlali walijifunza utaratibu wa kigari kama wanavyojifunza utaratibu wa mgeni aliyehamia. Sifa hazikukisaidia. Akina mama wa jumuiya walikiimbia wimbo mzuri kabisa na mshale haukutikisika. Ugomvi wa kweli ulikuwa hatari. Mtu na mkewe walifokeana karibu yake kuhusu jambo lililowauma, fyuzi ikaungua, na harufu ya mpira ikakaa pale wiki nzima. Kilichokijaza ni utani tu, ule wa asili, wa makabila yaliyopeana ruhusa tangu zamani, ambapo mtu anakwambia jambo zito na huwezi kukasirika hata ungetaka. Bibi na wajukuu walijaza nusu. Mashemeji nusu pia. Mngoni mmoja wa mashamba ya miwa, aliyepita kumsalimia dada yake, alikijaza mpaka maji ya betri yakachemka.

Fransisko aliumia sana. Alikuwa na hoja, tena nzuri, na kila Jumamosi alizitoa akiwa amesimama juu ya bampa la lori lake.

"Betri ikifa mtaitupa wapi? Kwenye mto tunaokunywa? Na bei yake je? Bei ya betri mpya ni nyumba ya bati! Dizeli nikiishiwa najaza nimesimama, naondoka. Nyie mkitaka kwenda Dodoma mtatukanana mpaka lini?"

"Shemeji, dizeli yako inakuja na meli," alimjibu Josephina. "Redio ikikohoa tu, nauli inapanda. Matusi yangu nayalima mwenyewe."

Watu walipiga makofi na mshale ulipanda, lakini kwa nusu ya ushemeji, na Fransisko aliona ameonewa. Angekuwa yeye ni Mnyamwezi, kwa maneno hayo hayo kigari kingefika Dodoma. Alikwenda kumwuliza bibi yake kama hakuna hata babu mmoja wa pembeni aliyetokea Unyamwezi. Hakuwepo. Aliendelea kubishana hivyo hivyo, kwa mapenzi ya dizeli, na kwa kweli Jumamosi zilichangamka kuliko harusi. Walikuja watu kutoka Mikese, wakakaa upande wa dizeli au upande wa betri, wakanywa chai, wakarudi kwao wameridhika na sauti zimekauka.

Shida ilikuwa moja, na Fransisko aliitaja kabla ya wote. Betri ilikuwa na seli nyingi, kama nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi, na vyumba vilianza kuhamwa. Kila mvua za vuli zilipoanza seli moja ilikufa, na utani uliokuwa ukijaza kigari kwa siku nzima sasa ulidumu mpaka kwenye daraja la Mzinga. Maneno nayo yanahitaji mahali pa kukaa. Betri mpya hakuna mtu Mlali wala Lukwele aliyeweza kuinunua, hata wakichanga na kuku.

Ndipo likaja neno ruzuku. Watu walilikumbuka kutoka enzi za mbolea, kabla mbolea haijaachiwa ijitegemee. Walisikia kwamba Dar es Salaam kuna ofisi inayoshughulikia mageuzi ya uchumi, na kwamba ofisi hiyo itamtuma bwana mmoja kusikiliza wananchi. Walikutana kwenye ghala la ushirika, wakaamua kumwomba ruzuku ya betri. Na ili wasionekane watu wa fujo, wakakubaliana kuzungumza kwa sauti moja. Hata Fransisko aliunga mkono, akihesabu kwamba betri ikipewa, dizeli nayo haitanyimwa.

Wiki nzima walijiandaa. Hakuna aliyebisha. Bartholomeo alimwita Josephina "mama mheshimiwa" na Josephina alimwita "ndugu dereva", wakifanya mazoezi ya adabu. Mshale ulishuka kila siku kidogo. Waliuona unashuka, wakasema ni baridi ya mwezi wa saba.

Bwana huyo, Bwana Abdi, alifika Jumamosi kwa shangingi jeupe la ofisi. Kigari kilikuwa kimeegeshwa mbele ya mashine, kimebeba kabichi zote za msimu za Josephina, na Bartholomeo alitegemea kuondoka mara mkutano ukiisha. Kesho yake, Jumapili, wajomba wangekaa kikao. Mmoja wao alikuwa tayari amekaa kivulini na mkongojo wake, akizitazama kabichi. Josephina alivaa kitenge kipya. Alijua kabisa kwamba kabichi zikilala pale, yeye atalala kwenye godoro la sebuleni.

Mkutano ulikwenda vizuri kupita kiasi. Josephina alieleza habari ya shingo na shamba. Bwana Abdi akasema hoja hiyo ni nzuri sana. Fransisko akasema kigari ni mkombozi wa mkulima, akameza mate. Bwana Abdi akasema na hiyo pia ni nzuri. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyeeleza jambo hilo wilaya nyingi, kwamba serikali imejitoa kwenye ruzuku, kwamba ruzuku inadumaza, na kwamba soko lenyewe litaamua kama nchi inataka betri au inataka dizeli.

"Ndiyo, mheshimiwa," walisema watu wote kwa sauti moja.

Mshale ukagusa mwisho wa nyekundu na kulala. Wananchi waliendelea kukubali. Bwana Abdi alisema ombi lao amelipokea na litafanyiwa kazi, wakasema wanashukuru. Redio ya muuza chai ikanyamaza katikati ya taarabu. Tochi ya Yakobo, iliyokuwa ikiwaka kwenye msumari ndani ya banda, ikafa. Bwana Abdi alipopanda kwenye shangingi na dereva wake akageuza ufunguo, shangingi likatoa mlio mmoja mdogo na kukaa kimya. Fransisko alikimbilia lori lake. Nalo kimya. Alisimama pale akiwa na ufunguo mkononi, mtu aliyehubiri dizeli miaka miwili, akakumbuka kwamba hata dizeli huamshwa na betri.

Jua lilikuwa limepanda. Majani ya juu ya kabichi yalianza kulegea. Josephina alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, akavua viatu vyake vya mkutano, na machozi yakamtoka bila kelele. Bwana Abdi alishuka, akalitundika koti lake kwenye mlango wa gari, akakaa kwenye benchi la chai. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuzungumza.

"Mheshimiwa," alisema Bartholomeo, ili kupitisha muda, "kwenu hasa ni wapi?"

"Handeni."

Yakobo aliacha kuchambua maharage.

"Handeni Mzigua?" aliuliza.

"Mzigua hasa. Baba na mama."

Josephina alijifuta uso na ncha ya kitenge. Waluguru na Wazigua ni watani tangu hakuna anayejua lini. Akainuka, akatembea peku mpaka kwenye shangingi, akalitwaa koti la mgeni, akalivaa juu ya kitenge chake na kufunga vifungo vyote.

"Mzigua, nimekuteka," alisema. "Umeingia kwa Waluguru hujabisha hodi. Umekunywa chai yetu, umekula hoja zetu zote, tena umezisifia. Hapa hutoki mpaka ujikomboe."

Dereva wa shangingi alisogea, lakini Bwana Abdi alimzuia kwa mkono. Alimtazama mama yule ndani ya koti lake. Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyemchukulia kitu mbele ya macho yake, wala aliyemwita kwa kabila lake bila kuogopa. Uso wake ulifunguka taratibu, kuanzia kwenye macho.

"Mluguru, rudisha koti," alisema. "Litakupotea bure. Ninyi nguo mnavaa mkiwa mmeegemea mlima, msije mkaanguka!"

"Na wewe Mzigua ukialikwa kwenye pilau unakuja na sufuria. Ndiyo maana kiwanda cha sufuria kikafa, sufuria zote mmebeba ninyi!"

"Kiwanda?" Bwana Abdi alisimama juu ya benchi. "Usinisingizie kiwanda! Mwekezaji kasamehewa kodi ya magari yote yale, mhuri nimegonga mimi mwenyewe kwa mkono huu, na hajatoa hata mfuniko! Nani kawaambia ruzuku imekwisha, enyi watu wa mlimani? Ruzuku ipo! Ila siku hizi inavaa tai. Ninyi mmekuja kuiomba mmevaa vitenge!"

Watu walicheka mpaka muuza chai akakaa chini. Mzee mjomba alipiga mkongojo wake ardhini. Josephina alimwambia Bwana Abdi kwamba soko lake linaloamua mambo yote limeshaamua kabichi zinyauke na tumbo lake linenepe. Bwana Abdi alimjibu kwamba tumbo hilo ndilo mradi pekee wa ofisi yao uliokamilika. Bartholomeo akaingilia kwa niaba ya Unyamwezi. Fransisko naye akapiga kelele kutoka juu ya bampa kwamba angalau dizeli haijawahi kuvaa koti la mtu.

Mshale ulipita nyekundu, ukapita kijani, ukagonga kioo cha geji mpaka kikapata ufa. Redio ikarudi, taarabu ikiwa imesonga mbele beti mbili. Mashine ya Yakobo ikaanza kuzunguka yenyewe bila umeme, naye akainuka na kumimina mahindi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu tangu Alhamisi. Lori likanguruma. Shangingi likawaka bila dereva kugusa ufunguo.

Bartholomeo alikaa kitini. Bwana Abdi, kwa kuwa alikuwa mateka na koti lilikuwa halijakombolewa, alipandishwa juu ya kabichi pamoja na Josephina, na shangingi likawafuata nyuma kwa mwendo wa kigari, ambao ni mwendo wa mtu mwenye haraka kiasi. Njia nzima walisutana. Pale Mzinga wanafunzi waliokuwa wakichota maji waliwapungia, na Bwana Abdi akawapungia kwa mikono yote miwili. Sokoni kabichi zilikwisha kabla ya magharibi. Alijikomboa kwa kuwanunulia wote soda, pamoja na dereva wake, akalivaa koti lililonukia kabichi, akaenda zake Dar es Salaam.

Jumapili wajomba walikaa kikao kifupi. Yule mzee wa mkongojo alisema mazao yamefika sokoni na yeye ameyaona yakienda, kwa hiyo shamba lina mwenyewe. Kisha akauliza kama kigari kinaweza kumpandishia mifuko ya saruji. Josephina alirudi nyumbani akiimba, akafungua mlango wa nyuma, akasimama akilitazama shamba la mama yake likishuka bondeni, na alifurahi mpaka akamgombeza jogoo kwa kukosa mtu mwingine wa kumwambia.

Kuhusu ruzuku, Bwana Abdi hakukaa kimya. Alilipeleka suala la betri kwa wakubwa wake, na la msamaha wa magari pia, kwa ukweli wote, bila kutafuna maneno. Wakubwa walimsikiliza mpaka mwisho. Wote walikubaliana naye. Lifti ya jengo ilisimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mafundi wakaitwa, na kikao kikaahirishwa. Baadaye ruzuku ilikataliwa, na msamaha wa mwekezaji uliongezwa muda. Magari yake yako uani mpaka leo, na nyasi zimeota mpaka kwenye madirisha, lakini hayadaiwi kodi.

Betri haikubadilishwa. Mvua za vuli zilikuja, seli nyingine ikafa, na sasa kutoka Lukwele mpaka Morogoro ilibidi wasimame kutaniana kila walipokuta kivuli. Watu wa njiani walilizoea hilo. Walitoka nje na vigoda, dizeli upande huu na betri upande ule, na waliokuwa watani wa mtu yeyote waliitwa kutoka mashambani.

Jumamosi moja basi la Dar es Salaam lilimshusha Bwana Abdi pale njia panda ya Mlali, bila shangingi wala dereva. Alikuta kigari kimesimama kimejaa karoti, mshale kwenye nyekundu, Bartholomeo amekauka sauti kwa mafua, na Josephina amekaa juu ya magunia akitafuta mtani kwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwizi. Umeleta ruzuku?"

"Sina," alisema Bwana Abdi. "Kule wamekataa, na nadhani watakataa tena. Nimekuja mnitukane."

Josephina alimtazama, akasogeza gunia moja ili apate pa kukaa.

"Panda," alisema, "wewe mlafi usiyeshiba mhuri."

Bartholomeo akaangalia geji, akaachia breki.